Bahari Isiyojibu: Riwaya ya Solaris na Filamu Zake Tatu

Riwaya ya Solaris, iliyoandikwa na Stanisław Lem na kuchapishwa nchini Poland mwaka 1961, imekwisha kufanyiwa filamu mara tatu. Televisheni ya Kisovieti ilitangulia mwaka 1968. Andrei Tarkovsky akafuatia kwa filamu yake ya mwaka 1972. Na mwaka 2002 Steven Soderbergh akaifikisha Hollywood. Waongozaji hao wanatofautiana kwa zama, kwa fedha na kwa mwelekeo, lakini wamekutana katika jambo moja. Kila mmoja wao amempokea Kris Kelvin na Harey wake kwa mikono miwili, na mhusika mkuu wa kitabu akamwacha barazani. Mhusika huyo ni bahari.

Kwa msomaji wa mwambao, hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kukitafuta kitabu hiki. Bunilizi ya kisayansi imezoeleka kudhaniwa kuwa ni mchezo wa watoto: vyombo vinavyopaa, bunduki za mwanga, majitu ya kijani yanayotaka kuiteka dunia. Wapenzi wa ushairi, hasa, huipita kama mtu apitaye duka lisilouza anachokihitaji. Walakin Solaris inauliza suali ambalo washairi wa pwani wamelizunguka kwa karne nyingi bila ya kulitilia nanga. Bahari ya mapenzi inajulikana, na bahari ya maisha inajulikana, na jahazi la umri linalokwenda kuzama nalo halina mgeni. Je, bahari isiyosimama badala ya kitu chochote katika moyo wa binadamu, hiyo yaweza kuandikwa?

Kisa chenyewe si kirefu kukisimulia. Sayari ya Solaris inazunguka majua mawili, moja jekundu na moja la buluu. Kwa hesabu za wanafalaki, njia ya sayari ya namna hiyo haiwezi kudumu. Siku moja ingepaswa kuangukia jua mojawapo. Solaris haianguki. Sayari hiyo imefunikwa karibu yote na bahari, na bahari hiyo ina uhai: yenyewe ndiyo inayoirekebisha njia ya sayari yake. Uchunguzi umeendelea kwa zaidi ya karne nzima, maktaba zimejaa, na hakuna aliyepata kuzungumza nayo.

Kelvin, mtaalamu wa saikolojia, anawasili katika kituo kinachoelea juu ya bahari hiyo na kukikuta kama nyumba iliyofiwa. Gibarian, aliyekuwa akimtazamia kumpokea, amejiua alfajiri ya siku hiyo hiyo. Snaut amelewa na ana hofu. Sartorius amejifungia maabarani na hataki mtu aone aliye naye ndani. Kelvin anapoamka usingizini anamkuta Harey amekaa mbele yake, mwanamke aliyeishi naye ambaye miaka kumi nyuma alijidunga sumu baada ya Kelvin kumwacha. Alama ya sindano iko mkononi. Gauni lake lina vifungo, lakini vifungo ni pambo tu. Hakuna mahali pa kulifungulia, na halina budi kukatwa kwa mkasi. Bahari imemsoma Kelvin akiwa amelala na kumtoa humo mtu aliyemo katika kumbukumbu zake. Kumbukumbu haikuhifadhi namna gauni linavyovuliwa, basi gauni halivuliki. Kwa jambo dogo kama hilo Lem anamwonesha msomaji mengi kuliko ambavyo kurasa kumi za maelezo zingeonesha.

Harey wa kwanza Kelvin anamtia ndani ya roketi na kumrusha. Baada ya usingizi mwengine anarejea Harey mpya asiyekumbuka lolote. Huyu wa pili anaanza kutambua polepole kuwa yeye siye. Damu yake, ikikuzwa chini ya hadubini hadi pale ambapo atomi zingetazamiwa, haioneshi kitu. Anakunywa oksijeni kioevu ili afe, na mwili wake unajiponya wenyewe mbele ya macho ya Kelvin. Mwisho anakubaliana na Snaut kwa siri afutwe kwa mtambo, na anaondoka bila ya kumuaga Kelvin ila kwa barua fupi. Yeye, aliyeumbwa kwa kumbukumbu ya mwanamke aliyejiua, anakuwa ndiye mtu pekee kituoni anayefanya uamuzi kwa ajili ya mwengine.

Lem anawaita viumbe hawa kwa neno la Kipoland lenye maana ya wageni. Kiswahili kinalipokea neno hilo vizuri mno, maana mgeni katika lugha hii ni aliyekaribishwa na pia ni asiyejulikana, yote kwa pamoja. Mila ya pwani imemwekea mgeni taratibu zake: hupewa maji, hupewa chakula, hupewa mahali pa kulala, na methali ikampangia muda, siku ya tatu akapewa jembe. Harey hapewi jembe. Hana kwao pa kurudi, hana habari za safari za kusimulia, hana mzigo. Ametoka ndani ya mwenyeji wake, na mwenyeji anamwogopa kwa sababu hiyo hasa.

Msomaji wa Unguja, Pemba, Lamu au Mafia atashawishika hapa kumwita Harey jini, na kwa kiasi fulani atakuwa na haki. Amekuja usiku, kwa sura ya mpenzi, na hafi. Lakini ulinganisho huo hauna budi kusukumwa mpaka mwisho ili ufaidishe. Jini wa masimulizi ya pwani ana jina, ana asili, ana analolitaka. Akimpanda mtu, fundi humwita na kumuuliza ametoka wapi na ada yake ni ipi: ubani, kitambaa, mbuzi au ngoma. Hata akiwa mkali, anasemezeka. Bahari ya Solaris haidai ada. Kelvin na wenziwe wanajaribu dhana ya kuwa wageni ni adhabu, kisha dhana ya kuwa ni zawadi, na zote mbili zinawavunjikia mikononi. Fundi hana la kuuliza kwa sababu upande wa pili hakuna anayejibu, na hata kuitwa huko ni kunyamaza au ni kutosikia hakujulikani.

Sehemu za kitabu zinazochosha wasomaji wengi ni zile ambamo Kelvin anaingia maktabani na kupitia vitabu vya waliomtangulia. Wanazuoni hao wameyagawa maumbo yanayochomoza baharini kwa aina zake. Zipo mimoidi, zinazoiga vitu vilivyo karibu nazo. Zipo simetriadi, zinazojijenga kama majumba ya hesabu na kubomoka. Zipo asimetriadi, ambazo hata kuzieleza ni shida. Wamepima, wamechora, wengine wamefia humo. Madhehebu ya kitaaluma yamezuka, yakagombana, yakazeeka. Mwenye haraka ya kisa huziruka kurasa hizi, na mtengenezaji filamu huzikata kwanza.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili asizipite. Lugha yake imemwandalia ndani yake kicheko na huzuni ambavyo wasomaji wengine hawavipati. Neno bahari, lililotoka katika Kiarabu, ndilo linalotaja vilevile aina za tungo. Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyeiasisi ilimu ya arudhi, aliorodhesha bahari 15 za ushairi wa Kiarabu, na ya 16 ikaongezwa baada yake. Kila aliyejifunza arudhi anajua kuwa hesabu ya mizani haimwambii kwa nini ubeti mmoja unatikisa moyo na mwengine, wenye mizani zile zile na vina vile vile, unalala kama mtumbwi juu ya mchanga. Wanazuoni wa Lem wamekamilisha arudhi ya bahari yao. Wana majina ya kila umbo. Utungo wenyewe, kama ni utungo, umewapita, na Lem hawacheki kwa hilo. Anaandika juu ya kazi yao kwa heshima ya mtu anayejua kwamba hata kuhesabu bila ya kuelewa ni namna ya uaminifu.

Kwa mwenye kutaka kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili, mtihani utaanza katika sarufi. Kiumbe chenye nafsi huchukua upatanisho wa a- na wa-. Kitu hufuata ngeli yake. Basi bahari hii inafikiri, au anafikiri? Mfasiri akiandika “inafikiri” ameshahukumu kuwa ni maji tu yenye ajabu. Akiandika “anafikiri” ameshaipa nafsi ambayo hakuna mtu kituoni aliyeweza kuithibitisha. Lem analiacha suali hilo wazi tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho, na Kiswahili kinalifunga kwa herufi moja. Yamkini dawa ni kuwapa wahusika upatanisho tofauti. Sartorius, anayewataja wageni kwa istilahi kavu za maabara, amwite Harey “hiki”. Kelvin aanze kwa “hiki” na ateleze hadi “huyu” bila ya kujua lini ameteleza. Tafsiri ya namna hiyo ingeweza kudhihirisha katika sarufi yenyewe jambo ambalo lugha nyengine zinalazimika kulieleza kwa maneno.

Hayo si mambo madogo, kwani historia ya tafsiri za Solaris ni somo la tahadhari. Kwa miaka 40 wasomaji wa Kiingereza waliitegemea tafsiri ya mwaka 1970 ya Joanna Kilmartin na Steve Cox, ambayo haikutoka katika Kipoland bali katika tafsiri ya Kifaransa. Humo Harey akageuzwa Rheya, na Snaut akawa Snow. Lem, aliyekisoma Kiingereza bila ya shida, hakuridhika nayo. Tafsiri iliyotoka katika Kipoland moja kwa moja, ya Bill Johnston, ilipatikana mwaka 2011, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, kwanza kwa sauti na kisha kwa maandishi ya kielektroniki. Riwaya juu ya kiumbe kisichofahamika ikawa, kwa muda wote huo, inasikika kwa mdomo wa mkalimani wa mkalimani.

Filamu nazo ni tafsiri, na zihukumiwe kama tafsiri. Ile ya televisheni ya Kisovieti ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Boris Nirenburg, ni mchezo wa studio wa sehemu mbili, wa rangi nyeusi na nyeupe, na Vasily Lanovoy ndiye Kelvin. Ni kazi ya vifaa haba, yenye kuegemea mazungumzo kuliko picha. Walioizoea filamu ya Tarkovsky huiona kama mazoezi ya mchezo kabla ya mchezo. Hukumu hiyo ni kali mno. Umasikini wake umeilinda na kosa moja kubwa: haikujaribu kuipamba bahari. Bahari humo husemwa kuliko kuonekana, kama inavyokuwa katika mchezo wa redio, na mtazamaji anabaki na kazi ya kuiwaza mwenyewe. Ilichokosa ni pumzi. Watu wanazungumza juu ya jambo la kutisha kwa sauti ya watu waliokwisha kulizoea.

Filamu ya Tarkovsky ni kazi ya daraja nyengine kabisa. Ina urefu wa dakika 167, na mwaka 1972 ilipewa Tuzo Kuu Maalumu ya Majaji katika tamasha la Cannes. Donatas Banionis anamwigiza Kelvin kwa uso mzito wa mtu aliyechoka kabla ya safari; Natalya Bondarchuk anamfanya Harey kuwa kiumbe anayejifunza ubinadamu mbele ya macho ya mtazamaji, na hakuna katika filamu nyengine mbili aliyemfikia. Kinanda cha Bach kinasikika juu ya picha za majani yanayoyumba chini ya maji ya kijito. Mapigo ya filamu ni ya utenzi mrefu usio na haraka ya kufika.

Lakini majani hayo ni ya dunia hii. Kitabu cha Lem kinaanza Kelvin akiwa tayari angani, na hakuna humo nyumba ya baba, bwawa, farasi wala mvua ya kiangazi. Tarkovsky ameyaongeza yote hayo mwanzoni, na ameyafanya kuwa uzito unaoivuta filamu nzima kurudi nyuma. Hata ndani ya kituo, Harey anajifunza kuwa mtu kwa kuutazama mchoro wa Bruegel wa wawindaji wakirejea katika theluji. Dunia, nyumba, baba, toba: hayo ndiyo maudhui ya filamu, na kila linapotokea moja, bahari inasogea nyuma hatua moja. Lem alikwenda Moscow kujadiliana na Tarkovsky, wakagombana, na baadaye akasema kuwa mwongozaji huyo alitengeneza Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky badala ya Solaris. Maneno hayo yana uchungu wa mwandishi aliyeporwa, lakini yamelenga. Tarkovsky mwenyewe alikuja kueleza kuwa vyombo na mitambo ya angani vilimsumbua. Alikuwa akisafiri kwenda nyota kwa sababu tu studio ilimpa njia hiyo, na macho yake yalikuwa yakitazama nyuma.

Hata hivyo, mwisho wa filamu hiyo unastahiki kutetewa, hasa na watu wa visiwani. Kelvin anaonekana amerudi kwa baba yake. Anachungulia dirishani na kuona maji yanadondoka ndani ya nyumba, juu ya mabega ya mzee, na mzee hajali. Anapiga magoti mlangoni. Kamera inapanda, inapanda zaidi, na nyumba, bwawa na miti vinaonekana kuwa ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Solaris. Wahakiki wengi huuona mwisho huu kuwa ni kurudi nyumbani. Aliyezaliwa kisiwani atausoma vyengine. Anajua kuwa kisiwa ni ardhi ambayo bahari imeiacha iwe, na inaweza kuidai. Kwa dakika hizo chache za mwisho Tarkovsky ameipa bahari nguvu aliyoinyima kwa karibu saa tatu: imeitengeneza nyumba, imekosea mahali pa kunyeshea mvua, na haijui kuwa imekosea. Kosa hilo ni ndugu wa vifungo vya gauni la Harey. Hapo mwongozaji na mwandishi walikutana bila ya wao kukubali.

Soderbergh alikwenda njia fupi. Filamu yake ina dakika 99. James Cameron alikuwa mmoja wa watayarishaji, George Clooney ni Kelvin, na Natascha McElhone ni Rheya, kwa jina lile lile la tafsiri ya mwaka 1970. Muziki wa Cliff Martinez ni mzuri na unabaki masikioni. Fedha iliyotumika, yapata dola milioni 47, haikurudi katika majumba ya sinema. Hilo si kipimo cha sanaa. Kipimo ni kwamba bahari imegeuka mng'ao wa zambarau na buluu unaopendeza nyuma ya dirisha, na kisa kimekuwa cha mume aliyefiwa anayepewa fursa ya pili. Mwishoni Kelvin anajikata kidole jikoni na jeraha linajifunga lenyewe. Yuko na mkewe, na kila kitu kimesamehewa. Bahari ya Lem haikujibu. Bahari ya Soderbergh inajibu, tena inajibu kile hasa mwombaji alichotaka kusikia.

Filamu hiyo ilipotoka, Lem aliandika kuwa hajaiona, na kwamba kwa yale aliyoyasoma juu yake, kitabu chake hakikuwa juu ya matatizo ya mapenzi ya watu walioko angani, na ndiyo maana hakukipa jina la namna hiyo. Alikuwa sahihi kuhusu filamu. Kuhusu kitabu chake mwenyewe alikuwa sahihi nusu. Harey si pambo la riwaya. Yeye ndiye mahali pekee ambapo bahari na binadamu wamegusana, na Lem alimwandika kwa huruma kubwa mno hata haiwezekani kumlaumu msomaji anayemfuata na kuyasahau maji. Mwandishi aliyeweka kito katikati ya meza hawezi kushangaa wageni wasipoitazama meza.

Lipo lawama jengine ambalo halina budi kuwekwa mbele ya kitabu hiki na wasomaji wa Kiafrika, na ambalo wahakiki wa Ulaya aghalabu hulipita kimya. Mgeni wa kwanza ambaye Kelvin anakutana naye kituoni si Harey. Ni mwanamke mweusi, mkubwa wa mwili, anayetembea peku ukumbini akiwa na sketi ya manjano ya nyasi zilizosukwa. Ndiye mgeni wa Gibarian. Baadaye Kelvin anamkuta amelala kando ya maiti ya Gibarian katika chumba cha baridi. Hana jina. Hasemi neno. Hakuna anayemuuliza lolote. Harey anapewa sura nzima za kujifahamu, kulia, kuchagua. Mwanamke huyu anapewa sketi.

Utetezi upo, na si mwepesi. Bahari hainakili watu. Inanakili kilichomo vichwani mwa watu. Kama kilichomo kichwani mwa msomi wa Ulaya ni picha hiyo, iliyookotwa katika maonesho na vitabu vya enzi ya ukoloni, basi aibu ni ya kichwa na bahari imetoa ushahidi tu. Kwa usomaji huo, mwanamke wa nyasi anakuwa kielelezo kikali kuliko Harey: Kelvin alimpoteza mtu aliyemjua, ilhali Gibarian anarudishiwa mtu ambaye yamkini hakupata kuwapo. Lakini usomaji huo msomaji ameuleta mwenyewe. Riwaya haiufuati. Kelvin anamwogopa, anamfunika, anaendelea na safari yake. Kitabu kinachofundisha kuwa binadamu hamwoni mgeni ila hujiona mwenyewe, kimefanya jambo hilo hilo kwa mgeni wake wa kwanza, na hakuna dalili kwamba kimejikamata.

Waongozaji wa filamu walimwondoa. Kwa Tarkovsky mgeni wa Gibarian ni msichana mdogo. Kwa Soderbergh ni mtoto wake wa kiume. Kumwondoa ni rahisi kuliko kumjibu. Hata hivyo Soderbergh alifanya jambo moja ambalo halikusifiwa inavyostahiki: nafasi ya Sartorius alimpa Dkt. Gordon, anayeigizwa na Viola Davis, mwigizaji mweusi wa Marekani. Huyo ndiye anayesisitiza kuwa wageni si watu na wasipelekwe duniani. Hamaniki na hapambi maneno. Ndani ya filamu iliyolainika kupita kiasi, yeye peke yake ndiye anayekumbuka kuwa kilichoko nje ya dirisha hakijulikani. Sauti ambayo kitabu kilimnyima mwanamke mweusi imerudi kwa mlango mwengine, na imerudi ikisema maneno makavu kuliko yote.

Fasihi ya Kiswahili inayo kazi ambayo yafaa kuwekwa kando ya Solaris kwa suala hili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, mhukumiwa Dzombo anarushwa angani ndani ya chombo ili afe, naye anatua katika nchi ya Walenisi. Jina la nchi hiyo linajifumbua lenyewe: wale ni sisi. Mkangi hadanganyi mtu. Alikwenda mbali ili aitazame jamii yake vizuri zaidi, na kioo alichokibeba alikitaja kwa jina mlangoni. Lem anasimama upande wa pili. Kupitia kwa Snaut analalamika kuwa wanaokwenda nyota hawatafuti dunia nyengine, hutafuta kioo. Waandishi hawa wawili hawabishani. Mkangi alikuwa na dhulma ya kuisema, na mwenye dhulma ya kuisema anahitaji kioo. Lem alitaka kujua kinachobaki kioo kikivunjika. Fasihi inayotumia kimoja tu kati ya viwili hivyo ni fasihi yenye jicho moja, na ushairi wa bahari katika Kiswahili, kwa sehemu kubwa, umetumia kioo.

Wavuvi hawakuwa na anasa hiyo. Msamiati wao wa bamvua na maji mafu, wa kusi na kaskazi, wa mikondo na miamba, ni msamiati wa watu wanaoshughulika na kitu ambacho hakiwajali na hakiwachukii. Humo mna utamaduni mzima wa kuishi na bahari bila ya kuigeuza kuwa mtu. Washairi wameuazima msamiati huo mara nyingi, lakini aghalabu wameuazima ili wazungumzie jambo jengine.

Sura ya mwisho ya riwaya inaonesha njia. Harey ameshaondoka. Kelvin anashuka kwa mara ya kwanza hadi ukingoni mwa bahari, juu ya mimoidi kongwe, na kunyoosha mkono kuelekea wimbi. Wimbi linapanda, linauzunguka mkono wake kwa umbo lake kamili, lakini haliugusi. Baina ya ngozi na maji panabaki tabaka jembamba la hewa. Anarudia. Wimbi linarudia. Baada ya mara kadhaa bahari inaacha, kama iliyochoka na mchezo. Hakuna ujumbe uliotolewa. Kelvin hapati msamaha, hapati mke, hapati nyumba ya baba. Hata hivyo anaamua kubaki, bila ya tumaini analoweza kulitaja, akingoja jambo asilolijua. Ni miongoni mwa kurasa bora zilizoandikwa juu ya maji katika karne ya 20, na hakuna filamu hata moja kati ya tatu iliyozichukua.

Mwenye kutaka kuijua Solaris aanze na kitabu; akikisoma kwa Kiingereza, aitafute tafsiri ya Johnston. Kisha aitazame filamu ya Tarkovsky, ambayo ni kazi kubwa juu ya jambo jengine. Ile ya Soderbergh aitazame kwa ajili ya Viola Davis na muziki. Na mshairi mwenye nia ya kuandika juu ya bahari akakae pwani maji yakijaa, alichukue lile tabaka jembamba la hewa baina ya mkono na wimbi, aone kama Kiswahili kina mizani ya kulibeba.